Mgonjwa akitoka wodini, akili yake anaipima nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nieleze jambo ambalo, katika miaka yote niliyotumikia kama afisa tabibu mkoani Kilimanjaro, sikuwahi kuliona likiandikwa kwenye faili la mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Tunaandika joto la mwili, wingi wa damu, uzito, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi kliniki. Hatuandiki kama mgonjwa huyo bado anaweza kupanga siku yake, kushika maelekezo mawili kwa wakati mmoja, kuacha alichokuwa akikifanya pale hali inapobadilika, au kujizuia asitende lile linalomjia kwanza kichwani. Utafiti kuhusu uwezo huo upo, tena sehemu kubwa ya ule unaotuhusu imefanyika hapa hapa Afrika Mashariki, kwa watoto wetu na wazee wetu wenyewe. Hoja yangu ni kwamba matokeo yake hayajafika kwenye kadi ya kliniki, na hakuna sababu ya kuridhisha ya kuendelea kuyaacha nje.

Kwanza nieleze ninachokizungumzia, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za akili hufikiria ama wehu ama kusahau. Uwezo wa akili kujisimamia ni jambo la tatu. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba uwezo huu una sehemu tatu zinazohusiana lakini zinazoweza kupimwa kila moja peke yake: kujizuia, kushikilia taarifa kichwani huku ukizitumia na kuzibadilisha, na kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine. Kazi hii hutegemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, pamoja na nyuzi zinazoiunganisha na sehemu za ndani. Ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi anaweza kuongea vizuri, kukumbuka mambo ya mwaka 1961, kuwasalimia wageni kwa adabu zote, na bado akashindwa kuendesha duka alilolisimamia kwa miaka thelathini.

Umri una nafasi kubwa katika jambo hili. Mpe mtoto wa miaka mitatu kadi azipange kwa rangi, kisha mwambie kwamba sasa mchezo umebadilika, azipange kwa umbo. Kwa kawaida ataendelea kuzipanga kwa rangi, hata kama ukimuuliza anaweza kukutajia kanuni mpya bila kukosea. Mwenzake wa miaka mitano mara nyingi hubadilika bila shida. Ukomavu huo huendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini, na uzeeni uwezo huu ni miongoni mwa ile inayotangulia kupungua. Kwa hiyo ugonjwa unaogusa ubongo humkuta mtoto akiwa bado anajenga kile ambacho mzee anajitahidi kukihifadhi, na madhara yake hayawezi kuwa sawa kwa wote wawili.

Nianze na malaria kali, kwa kuwa ndiyo tunayoijua kuliko maradhi mengine. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu isipite. Mtoto hupoteza fahamu, mara nyingi baada ya degedege. Watafiti wa Uganda na Marekani, wakiwemo Paul Bangirana, Robert Opoka, Michael Boivin na Chandy John, waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa ugonjwa huo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuwalinganisha na watoto wa jamii zilezile ambao hawakuugua. Miezi 6 baada ya ugonjwa, asilimia 21.4 ya waliopona malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa kiakili, ikilinganishwa na asilimia 5.8 ya wenzao. Walipopimwa tena baada ya miaka 2, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, uwiano ulikuwa asilimia 26.3 kwa 7.6, na kilichoathirika hasa ni umakini, yaani uwezo wa kuweka mawazo mahali pamoja na kuyashikilia hapo. Kwa lugha nyepesi, mtoto mmoja kati ya wanne waliotoka wodini wakitembea kwa miguu yao na mama zao wakimshukuru Mungu, alikuwa bado anadaiwa na ugonjwa miaka miwili baadaye, na pengo kati yake na wenzake lilikuwa halijazibika. Huko Kilifi, Kenya, nako, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome waliona kwamba hata watoto ambao hawakupoteza fahamu, lakini walipata degedege la kujirudia au la muda mrefu wakati wa malaria, wamo hatarini.

Sasa fikiria kinachofuata shuleni. Mwalimu anatoa maelekezo matatu kwa mpigo: fungeni daftari, chukueni kitabu cha hesabu, fungueni ukurasa wa arobaini. Mtoto huyu anafunga daftari na kubaki amekaa. Anaanza zoezi na haliishi. Anajibu kabla ya kuitwa jina. Katika darasa lenye watoto themanini, jina linalopatikana haraka ni mzembe au mtundu, na dawa inayopatikana haraka ni fimbo. Siwalaumu walimu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu. Sisi wa idara ya afya ndio tuliomkabidhi mtoto tukiwa tumeandika kwamba amepona, na mzazi aliyesoma maandishi yetu akaamini kwamba tabia hii mpya ni malezi mabaya yaliyoanzia kwa bibi.

Malaria si peke yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa duniani ya watoto wanaozaliwa na selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na ugonjwa huo unaweza kuacha vidonda vidogo katika nyuzi za ubongo, hasa upande wa mbele, pasipo mtoto kupooza wala mzazi kugundua. Kinachoonekana ni kushuka kwa maendeleo shuleni, ambako huhesabiwa kuwa ni matokeo ya kukosa vipindi kwa sababu ya kulazwa. Watoto waliozaliwa na VVU katika Uganda, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini wamepimwa kwa pamoja, na hata waliokuwa wakitumia dawa walibaki nyuma ya wenzao wasio na virusi. Kuna pia konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ambao wenyeji wa Tarime wa miaka ya 1980 hawajausahau: huko Kahemba nchini Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wenye konzo walikuwa na udhaifu wa kiakili pia, na kwamba hata watoto wa hapo hapo wasiopooza hawakuwa sawa na watoto wa kijiji ambacho hakikuwa na ugonjwa huo. Nimeyapitia haya kwa haraka kwa makusudi. Kila moja linastahili barua yake, lakini yote yanaelekeza kwenye ukurasa uleule mtupu wa kadi.

Nina neno refu zaidi kuhusu wazee, kwa kuwa ndio ninaoishi nao, na kwa kuwa wilaya yetu ya Hai ni miongoni mwa maeneo ya vijijini yaliyochunguzwa kwa karibu zaidi katika suala hili barani Afrika. Katika vijiji sita vya Hai watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ili kujua ni wangapi wana dimensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa akili na kumbukumbu uzeeni. Kwa kutumia vigezo vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani vya wakati ule, jibu lilikuwa asilimia 6.4. Kwa kutumia vigezo vingine vilivyobuniwa mahususi kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, jibu kwa wazee walewale wa vijiji vilevile lilikuwa asilimia 21.6. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye tarakimu hizo mbili. Si wazee waliobadilika, ni kipimo. Ukichagua kimoja unapata mzee mmoja kati ya kumi na sita hivi, ukichagua kingine unapata mmoja kati ya watano, na bajeti ya huduma, idadi ya wauguzi na hofu ya familia hufuata tarakimu uliyoichagua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya vijana wetu wanaorudi kutoka masomoni na karatasi za kupimia akili zilizotafsiriwa neno kwa neno. Kipimo kinachojulikana kwa kifupi kama MoCA, kilichotoka Montreal mwaka 2005, ni kizuri kwa watu waliotengenezewa. Kinamtaka mpimwaji achore saa yenye mishale, anakili mchemraba kwa kalamu, aunganishe tarakimu na herufi kwa kupokezana, na ataje majina ya simba, kifaru na ngamia waliochorwa. Kisha kinaongeza alama moja kwa yeyote mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu, kana kwamba mhitimu wa kidato cha nne na bibi ambaye hajawahi kushika penseli wanatofautiana na wengine kwa kiasi kilekile. Bibi huyo anaweza kuwa anaongoza chama cha kuweka na kukopa cha akina mama, anajua nani amelipa na nani hajalipa bila kuandika popote, na kipimo kikamwona mgonjwa. Kinyume chake, mwalimu mkuu mstaafu aliyeanza kupotea anaweza kuchora saa nzuri kabisa, akapita.

Wapo waliolishughulikia tatizo hili kwa uangalifu. Kutokana na kazi ya Hai kilipatikana kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye vipengele sita, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika: mzee anaulizwa maswali ya kawaida, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo katika dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa mwanzoni, na anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliooneshwa. Wazo la kutumia njiti badala ya kalamu lilitoka Ibadan, Nigeria. Hata zoezi hilo la wanyama, linaloonekana kama mchezo, linapima kujisimamia: mtu anapaswa kuhama kutoka wa kufugwa kwenda wa porini, na kujizuia asirudie aliyekwisha kumtaja. Kwa watoto pia, Kilifi imekuwa ikirekebisha vipimo ili vilingane na mazingira ya watoto wa Pwani, kazi ambayo Penny Holding na Amina Abubakar wameitumikia kwa miaka mingi.

Na asije mtu akadhani kwamba vipimo vya kwetu hutafutwa ili kuficha udhaifu wa watu wetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Bettina Lamm na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne kitafunwa na kuwaambia kwamba wakisubiri bila kukila watapewa cha pili. Watoto wa Kijerumani walioweza kusubiri hawakufika asilimia 30. Watoto wa wakulima wa Nso nchini Kameruni, waliowekewa andazi lao la kienyeji, walisubiri kwa karibu asilimia 70. Mtoto aliyelelewa kungoja wakubwa wamalize kuongea alikuwa ameshajifunza somo hilo nyumbani.

Turudi kwa wazee, kwa sababu kwao kuna la kufanya. Uchunguzi mwingine wa hapa Hai uliwakuta karibu watu 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wakiwa na shinikizo la juu la damu, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa walikuwa wachache sana. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo inayolisha nyuzi zilezile nilizozitaja, na mara nyingi kinachoanza kupungua ni kupanga na kuamua, kabla ya kumbukumbu. Mwaka 2019 matokeo ya jaribio kubwa la Marekani, lililohusisha watu zaidi ya 9,000 wenye umri kuanzia miaka 50, yalionyesha kwamba waliotibiwa kwa lengo la kushusha tarakimu ya juu ya presha chini ya 120 walipata udhaifu wa awali wa akili kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 19 kuliko waliolengwa chini ya 140. Kwa dimensia yenyewe tofauti haikuthibitika, kwa kuwa matibabu yalisitishwa mapema kutokana na faida iliyokwisha kuonekana kwa moyo. Sisemi kila mzee wa Machame ashushwe hadi 120, maana kuna wanaoanguka kwa kizunguzungu na kuvunjika nyonga. Ninasema kwamba dawa ya presha inayokosekana kwenye zahanati ni dawa ya akili pia, na hesabu ya hasara yake isiishie kwenye kiharusi.

Mzee ambaye uwezo wa kujizuia umeanza kulegea hutambuliwa na matapeli kabla ya daktari. Ujumbe wa simu unaosema ile pesa tuma kwenye namba hii unamtaka mpokeaji afanye jambo moja tu, yaani asimame, ajiulize kama kuna pesa yoyote anayodaiwa, ndipo abonyeze. Kusimama huko ndiko kunakoondoka kwanza. Familia zinapogundua, hukasirika na kumnyang'anya mzee simu, badala ya kujiuliza ni lini alianza pia kumeza dawa za kisukari mara mbili asubuhi na kuruka za jioni.

Najua jibu nitakalopewa na wenzangu walio kazini: foleni ni ndefu, watumishi hawatoshi, na sasa mstaafu mmoja anataka kuongeza fomu nyingine. Sitaki fomu. Ninapendekeza mstari mmoja kwenye kadi ya mgonjwa aliyeugua maradhi machache yanayojulikana kugusa ubongo, yaani malaria kali yenye kupoteza fahamu au degedege la kujirudia, homa ya uti wa mgongo, kiharusi na selimundu, ukionyesha tarehe ya kurudi baada ya miezi 6 kupimwa kujisimamia, kwa kipimo kilichojaribiwa kwa Kiswahili katika jamii yetu. Kwa wazee, dirisha la wazee lipo tayari katika vituo vingi, na kipimo kifupi cha njiti na maneno kinaweza kufanywa na muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa, bila kumsubiri daktari.

Wengine watauliza faida ya kupima kitu ambacho hakina dawa. Swali ni la haki, lakini limechelewa, kwa sababu majibu yameanza kupatikana. Nchini Uganda, akina mama wa watoto wenye VVU waliofundishwa kwa mwaka mmoja namna ya kuzungumza na kucheza na watoto wao katika shughuli za kila siku waliona maendeleo ya watoto hao, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Hapa Hai, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2017 liliwakusanya wazee wenye dimensia katika vikundi vya mazungumzo na mazoezi ya akili, na uwezo wao pamoja na hali yao ya maisha vikaboreka. Nchini Finland, watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliopewa lishe bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa presha na mishipa walipanda zaidi katika uwezo wa kujisimamia kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu. Yote hayo yalihitaji watu na muda. Ninaeleza hili kwa sababu siku hizi kuna michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya kunoa ubongo, na kwa maoni yangu mzazi mwenye fedha kidogo angefanya vizuri zaidi kuziweka kwenye mayai, dagaa na usafiri wa kliniki.

Hata pasipo mradi wowote, matokeo ya kipimo yana matumizi siku ileile. Mwalimu akijua, atamweka mtoto benchi la mbele na kumpa agizo moja kwa wakati mmoja. Binti wa mzee akijua, atazipanga dawa kwa siku na kuomba mtu wa pili ashirikishwe kabla ya shamba kuuzwa. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anayesikiliza kesi ya wosia naye angenufaika na kadi inayoonyesha kwamba marehemu alipimwa, lini, na kwa kipimo gani.

Ombi langu la mwisho linakuhusu wewe, Ndugu Mhariri. Nyingi ya tafiti nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hata hospitali zetu za wilaya haziyapati kwa urahisi. Gazeti lako lina waandishi wa afya. Wakabidhi kazi ya kuyasoma na kuyaeleza kwa Kiswahili, na kuwauliza viongozi wa Wizara ya Afya, Dodoma, ni lipi kati ya hayo limo kwenye miongozo ya matibabu na ni lipi halimo. Wizara ikitafuta mahali pa kuanzia, Hai inafaa: ina kumbukumbu za utafiti wa kaya tangu miaka ya 1990, ina wahudumu wanaozijua nyumba kwa majina, na ina wazee waliokwisha kuulizwa maswali haya mara nyingi, ambao wangependa sasa kusikia majibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa Tabibu Mstaafu,
Bomang'ombe, Hai,
Kilimanjaro.